Brigedia Akiwa Waziri Mkuu, Nani Atamtoa?

Nkt! Wacha nifyonze kwanza ndipo tuongee.

Vijana wa boda hapa Kitale wamepata wimbo mpya. Petroli ikipanda, "heri jeshi lichukue." Mbolea ikichelewa, "heri jeshi lichukue." Daraja likisombwa na maji na mheshimiwa asionekane, wimbo ni ule ule. Ukishuka Bungoma, pale Kanduyi magari yanapogawanyika, nako wameshaukariri. Kila simu ina video ya Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso na kofia yake nyekundu, na chini yake mtu ameandika kwamba Afrika imepata mwokozi. Mwokozi! Alichukua nchi Septemba 2022, uchaguzi ukaahidiwa ufikapo Julai 2024, na Mei 2024 wakajiongezea miaka mitano. Hiyo sehemu ya pili haina video.

Mimi sina ugomvi na Traoré. Ouagadougou ni mbali, na sijaona lori la Kitale likipakia mahindi ya kupeleka huko. Ninachowaambia vijana ni hiki: mna mfano wa jirani, tena umelala mlangoni. Hii lami ya A1 mnayokimbizia abiria imetoka Isebania, ikapita Kisumu, Kakamega na Webuye, ikafika hapa Kitale. Ifuate iende Lodwar, Kakuma, Lokichoggio. Ukivuka Nadapal umeingia Sudan Kusini, nchi ambayo mpaka 2011 ilikuwa kipande cha Sudan. Jeshi likichukua serikali huko juu, vumbi linatua hapa kwetu.

"Sudan ni ya Waarabu na Wadinka, Kuka. Inatuhusu nini?" kijana mmoja aliniuliza, mguu juu ya pikipiki, mswaki mdomoni.

Inatuhusu, mjukuu wangu. Shuka kwenye pikipiki kwanza, mama akuletee chai.

Tarehe 30 Juni 1989, pale Khartoum, Brigedia Omar Hassan al-Bashir na wenzake walimpindua Sadiq al-Mahdi. Na Sadiq hakuwa mfalme. Alikuwa waziri mkuu aliyepatikana kwa uchaguzi wa 1986. Tuseme ukweli, serikali yake ilikuwa inachosha. Vyama vinaungana leo, vinavunjana kesho. Vita vya kusini vinakula pesa. Foleni ya mkate haiishi. Watu wakaanza kuimba wimbo kama huu wenu. Basi brigedia akasikia, akaja.

Sasa sikilizeni alivyojigawia vyeo. Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, yeye. Waziri mkuu, yeye. Waziri wa Ulinzi, yeye. Mkuu wa majeshi, yeye. Yaani akitaka kujishtaki kwa bosi wake, anatoka mlango huu anaingia ule. Bunge likavunjwa, vyama vikapigwa marufuku, magazeti yakafungwa, vyama vya wafanyakazi vikanyamazishwa. Ili dunia isijue nani yuko nyuma ya mapinduzi, hata Hassan al-Turabi, kiongozi wa kidini aliyekuwa ubongo wa mpango mzima, alitiwa gerezani pamoja na wanasiasa wengine. Fundi wa mchezo kajifungia ndani ili aonekane naye kaonewa! Nkt. Hata Nollywood hawajafika huko.

Hapo ndipo mama wa chai, ambaye huwa haongei mpaka amalize kumimina, akauliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa tumelifikiria. "Kama alikuwa na bunduki na alikuwa mwenyekiti, cheo cha waziri mkuu alikitakia nini tena?"

Swali hilo, mama, ndilo limenifanya niandike haya yote.

Waziri mkuu ni kiti kilichotengenezwa ili mtu aweze kukipoteza. Bungeni watu wanahesabiana, kura zikikupungukia unabeba mkoba unaenda nyumbani, na hakuna aliyekufa. Brigedia hakuwa na haja ya kazi ya kile kiti. Alitaka kiti chenyewe kiwe chini ya makalio yake, mwingine asije kukikalia na kumuuliza maswali. Na alipokwisha kujiimarisha alikizika. Oktoba 1993 lile baraza la kijeshi lilijivunja, Bashir akaitwa rais, na uwaziri mkuu ukafutwa. Ulikaa umefutwa miaka zaidi ya 20. Ulipofufuliwa Machi 2017, alipewa nani? Jenerali Bakri Hassan Saleh, mmoja wa wale wale waliokuja naye usiku wa 1989. Kiti kimetoka kaburini, kikarudi kwa mzikaji.

Na msidhani hata wanajeshi wenzake walipona. Aprili 1990, ndani ya mwezi wa Ramadhani, maafisa 28 walipigwa risasi kwa madai ya kutaka kumpindua. Kwa sababu mlango ukishauvunja wewe, unajua unavyovunjika, na hulali tena ukiwa na amani.

Mwalimu mstaafu wa historia, yule anayekuja na gazeti la jana kwa vile la leo halijafika, alitukumbusha kwamba Bashir hakuwa wa kwanza. Novemba 1958, Sudan ikiwa haijamaliza hata miaka mitatu ya uhuru, Jenerali Ibrahim Abboud alitwaa nchi na akawa waziri mkuu. Na nani alimfungulia? Wanahistoria wengi wanasema ni waziri mkuu mwenyewe, Abdallah Khalil, naye askari wa zamani, aliyeona bunge linataka kumng'oa, akaona heri akabidhi kwa jeshi kuliko kwa wapinzani. Alidhani atarudishiwa. Nani aliwahi kurudishiwa? Ni sawa na mwenye nyumba anayemwita soja wa lango aje amtulizie ugomvi wa sebuleni, halafu usiku anakuta soja amelala kitandani mwake na bunduki chini ya mto.

Abboud aliangushwa na maandamano ya wananchi yaliyoanza Oktoba 1964. Mei 1969 akaja Kanali Jaafar Nimeiri. Alimweka raia kwenye uwaziri mkuu, na kabla mwaka haujaisha akamtoa, akakaa mwenyewe. Mnaona? Watatu, na wote walipitia kiti kile kile. Nimeiri naye ndiye aliyevunja mapatano na kusini, na 1983 mwasi wa kusini, John Garang, akaingia msituni na jeshi lake la SPLA. Vita hivyo Bashir alivikuta vinawaka, akavimwagia mafuta. Mpaka mapatano yanatiwa saini Nairobi, uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005, watu wapatao milioni 2 walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi.

Haya, sasa turudi barabarani.

Nani hapa Kitale hakumbuki miaka ya 1990? Malori ya msaada yalikuwa yanapandisha Kapenguria mchana na usiku. Lokichoggio, kijiji cha wafugaji, kikawa na uwanja wa ndege wenye pilikapilika za kushinda miji mingi mikubwa, kwa sababu misaada ya Umoja wa Mataifa ya kusini mwa Sudan ilirukia pale. Kakuma ilifunguliwa 1992 kupokea wale wavulana waliotembea kutoka Sudan mpaka Ethiopia, na Mengistu, mtawala wa huko, alipoanguka 1991 wakatembea tena, safari hii kuja kwetu. Mengistu naye alikuwa nani? Luteni kanali. Mtoto anakimbia vita vya kwao, anaangukia kwa mwanajeshi, na huyo naye akianguka mtoto anakimbia tena. Nkt!

Baadhi ya familia hizo zilishuka mpaka hapa, zikapanga nyumba mitaani, zikapeleka watoto shule zetu. Wengine wamesoma dawati moja na watoto wetu. Wenye nyumba walifurahi, kodi ilikuwa inaingia kwa dola. Hapo dereva mmoja wa lori, ambaye ameizoea njia ya Juba kama njia ya kwao, alicheka kidogo akasema, "Kwa hivyo mapinduzi yao yametulisha, mzee. Mbona unalalamika?"

Hilo nalo nalikubali, na Bungoma wanalijua kutushinda. Tarehe 25 Januari 1971 Meja Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Obote huko Uganda, na watu wa Kampala walicheza barabarani. Hawakuombwa, walicheza. Miaka haikupita mingi, mkulima wa kahawa upande wa Mbale akawa analipwa kwa noti zisizonunua sabuni. Baridi ikaunguza kahawa ya Brazil 1975, bei ya dunia ikaruka, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mpaka usiku, kichwani, mgongoni, juu ya punda. Mahali ilipotua ni Chepkube, soko la mpakani chini ya Mlima Elgon. Waliokuwepo wanasema pesa ilihesabiwa kwa magunia. Watu walinunua magari kabla ya kujua kuendesha. Wakaoa, wakajenga, wakanywa.

Halafu? Bei ikaanguka, na 1979 Amin akaanguka, magendo yakakatika. Nenda Chepkube leo uniambie umeona ghorofa ngapi. Pesa ya msiba wa jirani haina mizizi. Na huyo Amin aliyetulisha ndiye aliyesimama Februari 1976 akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda. Yaani Bungoma yote na Kitale hii tungekuwa raia wake kwa tamko moja. Ndipo waliokuwa wanamshangilia upande huu wakanyamaza.

Sasa niwachokoze watu wa Bungoma kidogo. Tarehe 27 Agosti 2010 tulikuwa tunazindua Katiba mpya Uhuru Park. Nchi nzima macho kwenye televisheni. Ghafla nani anaonekana jukwaani? Bashir! Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imeshatoa hati mbili za kumkamata kwa mambo ya Darfur huko Sudan, ya Machi 2009 na ya Julai 2010, ya pili ikiwa ya mauaji ya halaiki. Na Waziri wetu wa Mambo ya Nje alikuwa nani? Moses Wetang'ula, mbunge wa Sirisia, kijana wa hapo hapo Bungoma, leo Spika wa Bunge la Taifa. Alimtetea mgeni: ni jirani, tumewaalika majirani wote. Raila Odinga, waziri mkuu wa wakati huo, akaupinga mwaliko hadharani. Mwaka uliofuata, Novemba 2011, Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu akaamuru Bashir akamatwe akikanyaga tena Kenya. Khartoum wakampa balozi wetu saa 72 aondoke, na wakubwa wetu wakakimbia kubembeleza. Tulikuwa tunazindua sheria kuu mbele ya mtu anayetafutwa na sheria. Wetang'ula akija Kanduyi kuomba kura, mtu amuulize. Kwa heshima, lakini amuulize.

Na huyo Raila tusimpite hivi hivi, Mungu amlaze pema. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mtu wa cheo cha chini, walijaribu kutwaa Kenya. Walitangaza redioni asubuhi, na siku haikuisha walikuwa wamekwisha. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa 1987. Raila alikamatwa kwa kuhusishwa na jambo hilo, akakaa kizuizini miaka karibu sita. Alipokuja kupata uwaziri mkuu, tarehe 17 Aprili 2008, ulikuja kwa mapatano ya mezani baada ya damu ya uchaguzi wa 2007. Na 2013 alishindwa urais, akaenda Mahakama ya Juu, akashindwa tena, akaenda nyumbani. Ofisi ya waziri mkuu ikafungwa kwa sababu Katiba ilisema hivyo. Hakuna kifaru kilichotoka kambini. Wengine tulilia, wengine walicheka, kesho yake tukaenda shambani. Mnaona tofauti, ama chai imewalevya?

Bashir yeye alitoka vipi? Desemba 2018 watu wa Atbara waliandamana kwa ajili ya bei ya mkate. Moto ukaenea. Aprili 2019 vijana na kina mama wakapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi, na tarehe 11 Aprili majenerali wake mwenyewe wakamtoa. Akapelekwa gereza la Kober, lile lile walilowafungia wanasiasa 1989. Nyumbani kwake wakakuta mamilioni ya yuro. Miaka 30 anasema ameokoa nchi, kumbe alikuwa anaiweka akiba.

Sudan wakapata waziri mkuu raia, Abdalla Hamdok, mchumi. Mkaona kiti kimerudi kwa wenyewe? Tarehe 25 Oktoba 2021 Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi, akamfungia nyumbani, wakamrudisha Novemba, Januari 2022 akaona haya siyawezi, akajiuzulu. Majenerali wakabaki wawili, Burhan na Hemedti, mkuu wa kikosi cha wanamgambo, na tarehe 15 Aprili 2023 wakageuziana bunduki katikati ya Khartoum. Zaidi ya watu milioni 10 wameyahama makazi yao. Na kiti cha waziri mkuu? Hapo ndipo pa kucheka ukitaka kulia. Mei 2025 Burhan alimteua Kamil Idris. Julai 2025 upande wa Hemedti nao ukamtangaza wake, Mohamed Hassan al-Ta'ishi. Nchi moja, mawaziri wakuu wawili, wote wameshikwa mkono na mwenye bunduki, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia aliyemweka asimamishe risasi.

Nasi tukaingiza mguu. Februari 2025 watu wa Hemedti walikusanyika KICC, Nairobi, mchana kweupe, na mkataba wao ukatiwa saini mji huo huo. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Majani ya chai yakiwemo, na Sudan ilikuwa mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa. Mkulima wa Nandi aliyeamka saa kumi na moja kuchuma hakujua kwamba bonasi yake imekwama kwenye ugomvi wa majenerali.

Mama wa chai akafyonza mfyonzo mrefu ambao siwezi kuuandika.

Kijana wa boda hakukubali kirahisi, na nampenda kwa hilo. "Mzee, hawa raia unaowasifu si ndio walitupiga risasi tarehe 25 Juni 2024 nje ya Bunge? Si ndio wanaiba? Afadhali nani?"

Ni kweli. Vijana waliuawa, na mpaka leo kuna mama anayengoja haki. Sikuambii waheshimiwa ni malaika. Wengine ukiwapa Kitale asubuhi, jioni wameiuza mpaka na stendi. Lakini kumbuka ulichofanya wakati ule. Muswada wa Fedha ulirudishwa. Mawaziri wakafukuzwa karibu wote. Uliyafanya hayo kwa sababu rais bado anaogopa kura yako, na gazeti bado linaweza kuandika, na jaji bado anaweza kusema hapana. Milango hiyo ndiyo aliyoifunga Bashir mara tu alipoingia. Wasudani waliomshangilia 1989 walihitaji miaka 30 kumtoa, na alipotoka alikuwa amewaachia wanajeshi wengine.

Kwa hivyo usiniulize kama huyu kapteni au yule kanali ni mzalendo. Huenda ni mzalendo kweli. Niulize swali moja tu: akiharibu, nani atamtoa, na kwa njia gani? Kama jibu ni mwanajeshi mwingine, basi hujapata kiongozi, umepata foleni ya bunduki.

Ofisi za tume ya uchaguzi, IEBC, za Trans Nzoia na Bungoma ziko wazi, na uchaguzi ni Agosti 2027. Kama huna kadi, nenda kajiandikishe kabla ya kurudi hapa kuimba. Mbunge mbaya umempa miaka mitano, na ukitaka, hiyo mitano ndiyo yake ya mwisho.